Maswali na Majibu: Sarafu za Kubeba Katika Safari ya Meli

Barua za wasomaji mara hii zimefanana mno. Msomaji amekwisha kulipia nafasi katika meli ya kitalii itakayotia nanga katika nchi tano au sita, naye anataka orodha ya sarafu za kununua kabla ya kuondoka. Wote wamehesabu nchi, lakini hakuna aliyehesabu saa. Meli hukaa bandarini saa nane au kumi hivi, sehemu ya muda huo huishia katika foleni za kushuka na kupanda, na fedha usiyoitumia katika saa zinazobaki hubadilishwa mara ya pili kwa hasara ya pili.

Tutapita Hispania, Ufaransa, Italia, Kroatia, Montenegro na Ugiriki. Ninunue sarafu ngapi?

Moja, nayo ni yuro. Kroatia iliiacha sarafu yake ya zamani, iitwayo kuna, tarehe 1 Januari 2023, na Montenegro hutumia yuro ingawa si mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Aliyebakiwa na noti za kuna asizipeleke dukani, kwa kuwa anayezipokea sasa ni benki kuu ya Kroatia, tena noti peke yake, maana muda wa kurejesha zile za chuma ulikwisha mwishoni mwa mwaka 2025.

Ndani ya meli nitalipa kwa fedha gani?

Swali hili nimelijibu mara nyingi, na majibu yamo katika masharti ya tiketi ambayo mwulizaji hakuyasoma. Ndani ya meli hununui kwa fedha taslimu. Unaonyesha kadi ya chumba, deni linaandikwa katika akaunti yako, na akaunti hiyo huwa ya dola za Marekani katika meli nyingi, ya yuro katika baadhi ya meli za Mediterania, au ya pauni katika meli zinazowalenga Waingereza. Angalia mambo mawili ambayo hukuyauliza. Kwanza, ukisajili kadi inayokata moja kwa moja katika akaunti yako ya benki, meli inaweza kuzuia kiasi fulani cha fedha zako kabla hujanunua hata chupa ya maji, na fedha hizo huchukua siku kadhaa kuachiliwa baada ya safari. Pili, bakshishi ya wahudumu katika meli nyingi huingizwa yenyewe katika akaunti hiyo kila siku, kwa hiyo anayetenga bahasha ya noti kwa kazi hiyo huenda akalipa mara mbili bila kujua.

Nimesoma kwamba dola ya Marekani inapokelewa katika visiwa vyote vya Karibea. Basi sihitaji kitu kingine?

Kupokelewa ni jambo moja, na kupokelewa kwa thamani yake ni jambo jingine. Hili ndilo ninalogombana nalo kila ninapoandika hapa. Katika Visiwa vya Virgin, vya Marekani na vya Uingereza, na katika Turks na Caicos, dola ya Marekani ndiyo fedha rasmi, na hapo huna la kufikiria. Bahamas wana dola yao, lakini iko sawa kwa sawa na ya Marekani. Barbados nao wana yao, mbili kwa moja ya Marekani. Martinique na Guadeloupe ni sehemu ya Ufaransa, na fedha yao ni yuro.

Tatizo huanza pale alama ya dola inapokuwa ile ile na thamani ikawa nyingine. Antigua, Dominica, Grenada, Saint Lucia na majirani zao kadhaa wanatumia dola ya Karibea Mashariki, ambayo tangu mwaka 1976 imefungwa kwa kiwango cha 2.70 kwa dola moja ya Marekani. Kibandiko kikisema 54, bei yake ni dola 20 za Marekani, na abiria anayetoa noti ya hamsini na ya tano huku muuzaji akinyamaza amelipa zaidi ya mara mbili. Dereva wa teksi akitaja bei, muulize ni dola ipi kabla mlango haujafungwa.

Katika Visiwa vya Cayman mambo yamegeuka: dola yao ndiyo kubwa, na moja ni sawa na 1.20 ya Marekani. Kofia ya dola 20 za pale ni 24 za Marekani kwa kiwango rasmi, lakini maduka mengi huihesabu dola ya Marekani kuwa senti 80 zao, na kofia ile ile inakuwa 25. Dola hiyo moja haimfilisi mtu, ila chenji utakayorudishiwa ni ya Cayman, na meli inaondoka jioni. Kwa hiyo beba dola za Marekani, lakini katika noti za moja, tano na kumi, ili usiwe na haja ya chenji, na manunuzi makubwa yalipe kwa kadi.

Norwe, Uswidi na Denmark zote zina krona. Za nchi moja zitatosha?

Hazitoshi. Zingetosha kabla ya mwaka 1914, enzi za ule muungano wa fedha wa Skandinavia. Leo ni sarafu tatu zenye jina moja, na ya Iceland ni ya nne. Ushauri wangu ni kutonunua hata moja, kwa sababu kadi inafanya kazi karibu kila mahali huko, na nchini Uswidi yapo maduka yasiyopokea kabisa fedha taslimu. Aliyehifadhi noti ya krona 1,000 ya Denmark ajue kwamba ilikoma kuwa halali tarehe 31 Mei 2025.

Mashine ya kadi iliniuliza kama nilipe kwa fedha ya nyumbani au ya nchi ile. Nilichagua ya nyumbani ili nijue ninachotoa. Nilikosea?

Ulikosea. Kioo kilikuonyesha viwango viwili, kimoja katika fedha usiyoizoea na kingine katika ile unayoijua, nawe ukavutwa na unachokijua. Kiwango hicho cha pili hakikupangwa na benki yako. Kimepangwa na kampuni inayoendesha huduma hiyo, ikiwa imekwisha kuongeza faida yake, ambayo hugawana na mwenye duka. Chagua fedha ya nchi uliyopo kila mara, hata kwenye mashine ya kutolea fedha, na muuzaji akibonyeza kwa niaba yako, mwambie aanze upya.

Nimeagiza noti za yuro 500 ili mkoba usijae. Ni sawa?

Zirudishe. Ni halali, lakini hazitolewi tena tangu mwaka 2019, na wauzaji wengi hawazitaki.

Naweza kurudi na dinari za Tunisia kama kumbukumbu?

Sheria ya Tunisia inakataza kuzitoa nchini. Badilisha kiasi kidogo, tunza risiti, na urejeshe kinachobaki kabla ya kupanda meli.

Pauni za Gibraltar nitazitumia Southampton?

Hapana, ingawa thamani yake ni sawa na ya Uingereza. Ukiwa Gibraltar omba chenji katika noti za Uingereza, huwa wanazo.

Mimi na mke wangu tutabeba dola 6,000 kila mmoja, ili tusifike 10,000 za kutangaza forodhani Marekani. Hila hii inakubalika?

Haikubaliki. Familia inayosafiri pamoja huko huhesabiwa jumla, na yenu ni 12,000. Kutangaza hakutozwi kodi yoyote. Kinachokupotezea fedha ni kuzificha, kwa kuwa zinaweza kutaifishwa zote. Ninachoshindwa kuelewa ni mnachokwenda kununua kwa noti 120 za mia mia katika meli isiyopokea fedha taslimu.