Jibu: Kibanda cha funguo kikikosa wateja

Habari ndugu. Umesema tangu tarehe kumi unachonga funguo mbili tatu kwa siku, na kodi ya kibanda imekaribia. Hapa Kayole, Nairobi, nimepitia hayo.

Kabla ya kushusha bei, fungua meseji zako za M-Pesa uangalie pesa huingia tarehe gani. Kwangu kazi ilikuja mwisho wa mwezi hadi tarehe tano hivi, watu wakihama. Katikati nilikuwa nasikiliza redio tu. Sasa siku hizo nazungukia makeyateka (watunzaji) wa fleti. Mpangaji akiondoka hujui ameacha funguo ngapi kwa marafiki, kwa hiyo nawauzia kubadilisha silinda, kile kipande cha kitasa ufunguo unapoingia. Kazi yenyewe ni fupi: unafungua skrubu ya ubavuni mwa mlango na kuitoa, unazungusha ufunguo kidogo tu mpaka ulimi mdogo wa silinda ulingane na mwili wake, unaivuta. Keyateka mpe chake baada ya kulipwa, si kabla. Niliwahi kutanguliza, nikamtafuta wiki nzima.

Shule zikikaribia kufunguliwa, weka kufuli ndogo za masanduku mbele kabisa. Kina mama hutaka ufunguo wa ziada wabaki nao, maana mtoto ataupoteza.

Funguo za gari zenye chipu sijazigusa, muulize mwenye mashine.

Na mtu akikuletea umbo la ufunguo kwenye kipande cha sabuni, huenda ni mwizi aliyenakili ufunguo wa mwenyewe kwa siri; mfukuze, hata kama hujala tangu asubuhi.