Jibu: Vyura wa sumu, ukubwa wa kidimbwi na malezi

Ndugu yangu wa Masasi, umeuliza kwa nini kwa baadhi ya vyura wa sumu baba na mama hulea pamoja, na kwa wengine baba peke yake. Angalia maji kwanza. Kule Peru, chura wa sumu aitwaye Ranitomeya imitator huweka kiluwiluwi kwenye maji yaliyotuama kwapani mwa majani, wastani wa mililita 24 tu. Chakula humo ni haba mno. Baba hukagua, humwita mama, naye hutaga mayai yasiyorutubishwa ili mwana ale, wasipomlisha, hudumaa. Jamaa yake, Ranitomeya variabilis, hutumia vidimbwi vya takriban mililita 112, chakula kipo, hivyo baba hubeba kiluwiluwi hadi majini, basi. Vyura wetu wa Mtwara wanaotaga kwenye povu juu ya dimbwi hawalishi kabisa: viluwiluwi hudondokea maji mengi.