Baiskeli na mizigo kwenye Alps za Italia: anzia juu Resia, shuka Val Venosta

Mkuu, umeuliza kama mtu wa kawaida, anayeendesha baiskeli mjini tu, anaweza kusafiri wiki moja kwenye milima ya Italia akiwa na mizigo kwenye keria. Umeuliza pia kama ni lazima upande Stelvio, ile barabara maarufu ya mlimani yenye kona nyingi, ndipo safari ihesabike. Unaweza kabisa, na Stelvio si lazima. Kazi kubwa ni kuchagua bonde. Mimi naishi kusini mwa Ujerumani, na bonde ninalolijua kuliko mengine ni Val Venosta, kaskazini kabisa mwa Italia, pale inapopakana na Austria na Uswisi. Wenyeji wengi ni wasemaji wa Kijerumani na wanaliita Vinschgau. Eneo lote lilikuwa la Austria mpaka baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ndiyo maana kila kibao kina majina mawili. Usishtuke ukiona Malles na Mals kwenye kibao kimoja, ni mji uleule.

Msimamo wangu kwa wanaoanza: mzigo usafiri bondeni, mlima upandwe bila mzigo. Wengi huchora njia inayovuka kila kilele huku wamebeba hema, jiko na nguo za wiki nzima, halafu siku ya tatu magoti yanagoma. Bonde la Alps lina mto, reli, maduka na njia ya baiskeli iliyotengwa na magari. Ukishapata chumba chini, vilele vyote viwili vitatu vya jirani ni vyako kwa siku moja moja.

Val Venosta linafaa kwa sababu unaweza kuanzia juu. Mpaka wa Resia uko mita 1,507 kutoka usawa wa bahari, mji wa Merano chini ya bonde uko mita 325, na kati yake kuna kilomita kama 80 za njia ya baiskeli inayofuata mto Adige. Kufika juu, panda treni hadi Landeck upande wa Austria, kisha utafute basi linalobeba baiskeli. Mwenye miguu yenye nguvu aendeshe akifuata mto Inn hadi Martina, Uswisi, apande kona 11 za kilima cha Norbertshöhe na kutokea Nauders, kijiji cha Austria karibu na mpaka. Njia ya Martina ni ndefu kidogo lakini usiikwepe kwa kufuata barabara kuu ya Finstermünz. Ile ni ya malori, ina mahandaki, haina nafasi yako. Kuhusu viza usiwe na wasiwasi, Uswisi nayo iko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ila pasipoti au kibali cha kuishi kiwe mfukoni kila siku.

Hatua chache baada ya mpaka utakuta ziwa, na katikati ya maji umesimama mnara wa kanisa. Watu wanapiga picha na kuondoka. Wewe simama. Mnara ule ni wa karne ya 14, na chini yake kulikuwa na kijiji cha Curon. Kampuni ya umeme ilijenga bwawa, wanakijiji wakapinga mpaka wakachoka, na mwaka 1950 maji yakapandishwa. Nyumba zaidi ya 160 zilibomolewa na mashamba yakazama. Wengi walihama kabisa. Mnara uliachwa kwa sababu ulikuwa na thamani ya kihistoria, wenye nyumba hawakuwa na kinga hiyo. Kila nikipita pale huwa nazunguka upande wa magharibi wa ziwa, njia ni tulivu zaidi na unapata muda wa kuutazama kutoka ng'ambo.

Baada ya kijiji cha San Valentino unashuka kwa kasi hadi Burgusio, na mlimani kulia utaona abasia nyeupe, yaani nyumba ya watawa wa Kibenedikti, Marienberg. Hapa upepo ni mkali, shika hendeli kwa mikono yote miwili, hasa kama una mifuko ya pembeni mbele. Kisha unaingia Glorenza, mji mdogo uliozungukwa na kuta za karne ya 16 ambazo hazijabomoka. Lala hapo au Prato allo Stelvio jirani yake, nitaeleza kwa nini.

Kutoka Glorenza kushuka ni matofaa tu, kilomita kwa kilomita. Cha kushangaza ni kwamba hili ni miongoni mwa mabonde makavu kuliko yote ya Alps, mvua haizidi sana milimita 500 kwa mwaka. Maji yanatoka kwenye barafu ya milimani na yameletwa shambani kwa mifereji iliyochimbwa tangu zama za kati. Mtu wa Kilimanjaro ataitambua mara moja, ni mifongo ile ile ya Wachagga, hadi utaratibu wa zamu za kufungulia maji. Vijia vya kando ya mifereji ni vya waenda kwa miguu, kwa hiyo egesha baiskeli utembee kidogo. Majira ya maua, yaani Aprili, kukiwa na baridi kali usiku wakulima hurushia miti maji ili barafu iyafunike maua na kuyakinga. Asubuhi shamba zima linang'aa. Upande wa pili wa ukulima huu ni dawa. Mwaka 2014 wakazi wa Malles walipiga kura na takriban asilimia 75 wakataka viuatilifu vipigwe marufuku katika eneo lao. Ukiona trekta inapulizia, subiri ipite.

Sasa Stelvio, maana najua utaitaka hata nikisema si lazima. Acha mizigo chumbani Prato. Chukua maji, koti la upepo, glavu na chakula. Ni kilomita 24 na zaidi, unapanda kama mita 1,800, mwinuko wa wastani zaidi ya asilimia 7, kona 48 zilizoandikwa namba. Namba zinahesabiwa kurudi nyuma: ya 48 iko chini, ya 1 iko juu. Mpaka kijiji cha Trafoi unapanda ndani ya msitu na kona ni chache, usidanganyike ukaongeza kasi. Ukitokea Franzenshöhe, mita 2,188, msitu umekwisha na unaona barabara yote iliyobaki imelazwa ukutani mbele yako hadi kileleni, mita 2,757. Pale wengi hukata tamaa kwa macho kabla ya miguu. Tazama kona inayofuata peke yake. Kushoto kuna mlima Ortles, mita 3,905, na barafu yake.

Barabara hii ilijengwa kati ya 1820 na 1825 na mhandisi Carlo Donegani kwa amri ya dola ya Austria, iliyotaka kuunganisha Lombardia na maeneo yake mengine. Mwaka 1953 Giro d'Italia, mashindano makubwa ya baiskeli ya kuzunguka Italia, ilipita hapa kwa mara ya kwanza, na Mwitalia Fausto Coppi akamwacha Mswisi Hugo Koblet kwenye kona hizi akachukua jezi ya waridi, jezi ya anayeongoza. Ukiwa unapanda polepole huku umejua hilo, lami inakuwa na uzito mwingine kabisa.

Ondoka alfajiri, ifikapo saa nne pikipiki zinakuwa nyingi na kelele zake zinachosha kuliko mlima. Kuna siku moja kila mwaka, mwishoni mwa kiangazi, barabara inafungiwa magari na kuachiwa baiskeli. Ukiweza kuilenga, ilenge. Majira ya baridi inafungwa kwa theluji, kwa hiyo panga kati ya Juni na Septemba.

Kurudi, mimi hupenda kushuka kidogo upande wa pili, nikate njia ya mlimani ya Umbrail kuingia Uswisi, nipite vijiji vya Santa Maria na Müstair, halafu Glorenza. Unamaliza duara bila kurudia kona hata moja. Angalia mipira ya breki kabla, na ushuke kwa kubana na kuachia, usiburuze breki muda wote, rimu zinapata moto. Gia ndiyo kitu cha kutumia pesa: gia nyepesi kabisa iwe nyepesi kiasi cha kukuruhusu upande ukiwa unaongea.

Mambo madogo. Kila kijiji kina bomba la maji ya kunywa, chupa mbili zinatosha. Maduka mengi ya vijijini hufungwa mchana. Kwa Waislamu: nyama ya eneo hili ni speck, ya nguruwe, na huwekwa hata kwenye canederli, madonge ya mkate. Ulizia ya mchicha au ya jibini na uthibitishe. Juisi ya matofaa ni ya kwao na ni nzuri sana. Sheria ya Italia inataka kizibao cha kuakisi mwanga ndani ya handaki, na usiku nje ya mji.

Ukichoka, kuna treni kati ya Malles na Merano. Ilifungwa miaka ya 90 mwanzoni, ikafufuliwa 2005, na stesheni zake zina baiskeli za kukodi. Angalia ratiba kabla, kumekuwa na kazi za kuweka umeme kwenye reli hiyo. Ukitaka kuendelea kusini kupita Bolzano hadi Trento, endesha asubuhi. Mchana unavuma upepo wa Ora kutoka Ziwa Garda, unakuja usoni moja kwa moja, na hakuna mteremko tena wa kukusaidia.

Niambie unataka kwenda mwezi gani na baiskeli yako ina gia ngapi, nikusaidie kugawa siku.