Jibu: Harusi ya kienyeji Tahiti, inatambulika kisheria?

Ndugu, umeuliza kama ile harusi ya kienyeji ya Tahiti au Bora Bora, visiwa vya Polinesia ya Ufaransa, inawapa cheti cha ndoa. Hapana, ile ni sherehe tu, ndoa ya kisheria inafungwa kwa meya na tangu 2009 hata wageni wanaruhusiwa, ila makaratasi yaanzeni mapema sana. Lakini msiiache jamani! Mnavalishwa pareo (kitambaa cha kujifunga kama kanga) na mataji ya maua, baragumu la kombe linapulizwa, bwana harusi mara nyingi anafika kwa mtumbwi, tahua, yaani kuhani wa kienyeji, anawapa majina ya Kitahiti, halafu kinachonigusa zaidi ni tifaifai, lile shuka kubwa lililoshonewa maua ya vitambaa, mnazungushiwa mabegani wote wawili pamoja. Ulizeni hotelini kama mtaondoka nalo, maana sio kila pakeji inalo.