Mnara upo, simu haitoki

Dada, unasema simu inasoma mtandao umejaa lakini laini zako zote mbili hazitoki, na muamala wako wa pesa umeganda kwa wakala. Mtandao kusoma umejaa maana yake simu yako inauona mnara, basi. Mnara wenyewe unatoa mazungumzo kwenda Dar kwa mkongo, yaani waya wa nyuzi za kioo uliofukiwa ardhini. Mkongo ukikatwa na kijiko cha wakandarasi au mvua ikisomba tuta, mnara unabaki umesimama tu. Na kampuni mbili zikiwa zimepita kwenye mkongo mmoja, laini zako zote mbili zinazima pamoja, hata uwe na ya akiba.

Mei 2024 ilikuwa kitu kingine. Zilikatika nyaya za baharini zinazotuunganisha na intaneti ya nje, EASSy na Seacom, huko upande wa Afrika Kusini. Intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima, ila kupiga simu Masasi, humu humu nchini, ulikuwa unapiga. Kwa hiyo leo, maadamu hata simu ya kawaida haitoki, hitilafu ni ya huku huku bara, si baharini.

Mafundi wanaunga nyuzi za kioo moja moja, nyembamba kama unywele, tena shimoni kwenye tope. Vuta subira. Na huo muamala ulioganda kwa wakala usiurudie, angalia salio kwanza mtandao ukirudi.