Marisau ya chuma kwenye mitutu miwili ya zamani, mkuu usipige kwanza

Mkuu uliyeuliza kuhusu shotigani ya mitutu miwili aliyoiacha babu yako Kongwa, kwamba ndugu yako kaja na boksi la risasi za marisau (punje ndogo za duara) ya chuma toka nje na zinaingia vizuri tu kwenye chemba, yani pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, mi nakwambia moja kwa moja usipige. Mzee wangu aliwinda kanga na kwale kwa leseni huku Bahi na bunduki ya aina hiyohiyo, na mi nimekaa sana kwa fundi bunduki mmoja hapa Dodoma mjini namsaidia kusafisha na kupima, kwaiyo haya nimeyashika kwa mikono.

Hilo la kuingia lisikudanganye kabisa. Bunduki nyingi za Kiingereza za kale chemba ni milimita 65, risasi za siku hizi nyingi 70, ila hiyo 70 ni urefu wa ganda likishafunguka baada ya kupigwa, kabla ya hapo mdomo umekunjwa ndo maana linaingia bila shida. Ukifyatua mdomo unafunguka unakosa nafasi, unabana njia, presha inapanda ghafla. Hapo hata marisau ya kawaida ya madini ya risasi (lead) ni hatari, hatujafika kwenye chuma.

Sasa chuma. Madini ya risasi ni laini, ikifika karibu na mdomo pale mtutu unapojibana, yani choki, inabonyea inapita. Chuma hakibonyei. Na bunduki za wazee mara nyingi mtutu wa kushoto ni choki kamili, kwenye bunduki ya 12 (geji 12, kipimo cha upana wa mtutu) hiyo ni kujibana kama milimita moja hivi, unaona ndogo lakini marisau yote yanafika pale kwa pamoja kwa kasi na kitu cha kutanuka ni mtutu wenyewe. Unapata pete imevimba karibu na mdomo, na ule ubavu ulioshika mitutu miwili pamoja umeunganishwa kwa lehemu tu so unaweza kuachia. Kile kikombe cha plastiki ndani ya ganda kinakinga kuta zisikwaruzwe, pale kwenye choki hakikusaidii. Af chuma ni chepesi, gramu 7.8 kwa sentimita ya ujazo wakati madini ya risasi ni 11.3, kwaiyo viwanda vinaweka punje kubwa zaidi na mwendo mkali zaidi, yani tatizo linaongezeka.

Kuna jamaa wa upande wa Manyoni alileta yake kwa fundi anasema inapiga safi tu. Fundi akaelekeza mitutu dirishani akaniita nichungulie, kivuli cha pete kipo wazi kabisa upande wa kushoto. Chuma kikishatanuka hakirudi, wengi hawaelewi hili, wanangoja ilipuke ndo waamini.

Watakuja watu hapa kusema Ulaya wanapiga. Kweli wanapiga, zile za chuma za kawaida kwenye bunduki iliyopimwa, yani iliyojaribiwa nguvu, kwa baruti za kisasa, chemba inalingana, choki haijabana sana na mitutu mizima. Zile kali zinataka mtutu uliopimwa maalum wenye alama ya ua la yungiyungi. Ya babu yako siamini kama inayo.

Fungua mitutu uitoe, geuza uangalie chini upande wa chemba, alama zote za upimaji zimegongwa pale, ukiona NITRO PROOF au BNP angalau imepimwa kwa baruti za kisasa, ukiona ELG kwenye umbo la yai hiyo ni ya Liège Ubelgiji. Ukiona mitutu ina michoro ya mawimbi mawimbi basi ni damaski, vipande vya chuma vimesokotwa vikaunganishwa kwa moto, hiyo usiipige kitu chochote mpaka fundi apime unene wa kuta.

Na kabla ya yote umiliki uhamishwe polisi uwe kwa jina lako. Ikipita kwa fundi tafuta za milimita 65 zenye presha ndogo, zenye marisau ya madini ya risasi au ya bismuthi, madini mengine ambayo nayo ni laini. Piga picha zile alama za chini, mitutu yote miwili, zitume hapa nikuangalizie.