Mdogo wangu amemtukana msichana ndani ya mchezo wa vita: je, simu ichomwe?

*Jambo Shangazi. Nina miaka 27, ninauza vitenge katika soko la Virunga, hapa Goma. Tulitoka Masisi pamoja na mama, na mama alipofariki mdogo wangu wa miaka 15 alibaki mikononi mwangu. Tangu mapigano ya mwishoni mwa Januari 2025 amekuwa akijifungia na mchezo wa Free Fire katika simu niliyompa, hadi usiku wa manane, na mega za intaneti anazonunua zinakula pesa ya mboga. Juma lililopita nilimsikia akimfokea msichana wa Bukavu aliyekuwa naye katika kikosi kimoja. Alimwambia arudi jikoni asonge fufu, kisha akamwita kwa tusi la kabila lake, na wenzake wakacheka. Siku mbili baadaye nilimkuta kwa jirani mwenye PlayStation, wakicheza mchezo ambamo watu wenye bunduki wanaingia uwanja wa ndege na kuwapiga risasi abiria wasio na silaha. Nilirudi nyumbani miguu ikitetemeka. Mjomba wetu, ambaye ni mzee wa kanisa, anasema mchezo umemwingizia mtoto roho ya damu, na anataka simu ichomwe mbele yake Jumapili. Nikubali? — Yaya (dada mkubwa), Goma*

Binti yangu, pole kwa msiba wa mama na kwa mzigo ulioachiwa ukiwa bado kijana. Simu usiichome. Ninalitanguliza jibu hilo kwa sababu Jumapili iko karibu. Lakini barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na nimeona kwamba mistari mingi umeitumia kwa bunduki na damu ya kwenye kioo, wakati jambo lililonifanya nikujibu wewe kabla ya wengine ni yale aliyomwambia yule msichana wa Bukavu.

Hofu ya damu iliyochorwa ni ya zamani kuliko mdogo wako. Mchezo wa Mortal Kombat ulitoka mwaka 1992, na kwa kuwa uliwaruhusu wachezaji kumng'oa adui moyo au kichwa, mnamo Desemba 1993 maseneta wa Marekani waliwaita watengenezaji wa michezo wajieleze. Mwaka uliofuata kampuni hizo ziliunda bodi ya kupanga michezo kwa umri, inayoitwa ESRB, na Ulaya ikaanzisha mpango wake wa PEGI mwaka 2003. Jimbo la California lilipotaka kuwakataza wauzaji kuwauzia watoto michezo yenye ukatili, kesi ilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 2011 iliifuta sheria hiyo kwa kura saba dhidi ya mbili. Mwaka 2019 watafiti Andrew Przybylski na Netta Weinstein walitoa utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford juu ya vijana 1,004 wa Uingereza, wote wa miaka 14 na 15, yaani rika la mdogo wako. Waliwauliza wazazi kuhusu tabia za watoto wao, na ukatili wa kila mchezo wakaupima kwa madaraja rasmi ya umri badala ya kumwachia mtoto ajisemee. Hawakuona kwamba waliocheza michezo ya ukatili walikuwa wagomvi kuliko wengine. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani nacho kilisema mwaka 2020 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuihusisha michezo hii na vitendo vikubwa vya ukatili, ingawa kiliona uhusiano mdogo na mambo kama kusukumana na kufokeana.

Nimekuandikia hayo yote ili umweleze mjomba kwa utulivu, kwa kuwa ni mtu mzima na anastahili sababu. Lakini kuna jambo lingine ambalo yeye, kama mtu wa Masisi, analijua kuliko mtafiti yeyote. Mwaka huo huo wa 1993, kabla maseneta hawajaitazama damu ya kuchorwa, majirani wa Walikale na Masisi walikuwa wakiuana kwa mapanga, na hakuna kati yao aliyekuwa amefundishwa na mchezo wa video. Kilichotangulia kilikuwa maneno, na mengi ya maneno hayo yalikuwa juu ya nani ana haki ya kuishi katika nchi hii na nani hana. Mjomba akitafuta mahali ambapo roho ya damu huingilia, mwombe atazame hapo kwanza.

Sasa niseme juu ya uwanja wa ndege, kwa sababu sitaki ufikiri kwamba kwangu michezo yote ni sawa. Kwa maelezo yako, nadhani ulichokiona ni sehemu ya Call of Duty: Modern Warfare 2, mchezo wa mwaka 2009, ambamo mchezaji anachukua nafasi ya askari wa siri aliyejipenyeza katika kundi la magaidi, na anatembea nao wakiwaua raia katika uwanja wa ndege wa Moscow. Sehemu hiyo ilileta ubishi mkubwa tangu siku ilipotoka, na katika toleo la kompyuta lililouzwa Urusi iliondolewa kabisa. Kwingineko mchezo wenyewe hutoa onyo na kumpa mchezaji nafasi ya kuiruka, tena hata anayeicheza anaweza kupita bila kufyatua risasi hata moja. Mchezo huo umewekwa katika daraja la miaka 18. Kwa hiyo mdogo wako asiucheze, na jirani aambiwe hivyo kwa upole, kwamba nyumbani kwake mtoto anakaribishwa kwa mpira lakini si kwa mchezo huo.

Lakini kabla ya kumkataza, muulize swali moja: yeye alifyatua, au alipita tu? Usimuulize kwa sauti ya kumshtaki. Mtoto aliyejificha chini ya kitanda risasi zikilia mtaani anaweza kuitazama picha ile kwa namna ambayo mtoto wa Paris au wa Tokyo hataiona kamwe, na ni vizuri uisikie kutoka kinywani mwake. Pengine atakuambia kwamba ndani ya mchezo, kwa mara ya kwanza, bunduki iko upande wake. Wewe pia una haki ya kumwambia kwamba miguu yako ilitetemeka na kwa nini. Huenda hajui kwamba yaya wake aliogopa Januari ile, kwa sababu ulikuwa na kazi ya kumficha hofu yako.

Turudi kwa msichana. Free Fire huwaangusha wachezaji 50 kisiwani, wanawindana hadi abaki mmoja au kikosi kimoja, na kikosi huwa na watu wasiozidi wanne wanaosikiana kwa sauti. Wanne hao ndio shule aliyomo mdogo wako kila usiku, na wewe humjui hata mmoja wa walimu wake. Kijana wa miaka 15 anaingia humo kimya. Anasikia wakubwa wakitukanana, anagundua kwamba anayetukana vikali zaidi ndiye anayechekewa na kukumbukwa, naye anajaribu. Kwa kuwa hauoni uso wa anayemwambia, hakuna kinachomrudisha nyuma. Na msichana akiingia, matusi huwa mawili kwa moja: lile la kucheza vibaya na lile la kuwa msichana. Wengi wa wavulana hawa hawana chuki ya kweli mioyoni, nami ninaamini hivyo juu ya mdogo wako. Hata hivyo, aliyetukanwa hasikii moyo wa mtu, anasikia neno.

Desturi hii haikuzaliwa kwetu, na imewahi kufika mbali sana. Mwaka 2014 huko Marekani na kwingineko kulizuka jambo lililoitwa Gamergate, ambapo makundi ya wachezaji waliwaandama wanawake wanaotengeneza michezo na wanaoichambua. Mmoja wao, Anita Sarkeesian, aliyekuwa akichambua jinsi wanawake wanavyochorwa katika michezo, alialikwa Oktoba mwaka huo kutoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah. Chuo kikapokea barua ya vitisho iliyoahidi mauaji ya halaiki endapo angesimama kuzungumza. Alipoambiwa kwamba sheria ya jimbo inawaruhusu wenye vibali kuingia ukumbini na silaha, aliufuta mhadhara. Fikiria, binti yangu: ubishi ulikuwa juu ya picha za wanawake katika michezo, na bunduki iliyotishiwa ilikuwa ya kweli. Tena huenda baadhi ya walioandika vitisho vya namna hiyo walijiona wanatania pamoja na wenzao, kama wale wenzake waliocheka na mdogo wako.

Hapa kwetu tusi la kabila lina uzito zaidi, na ninakusihi usilipunguze kwa kusema ni maneno ya watoto. Msichana yule yuko Bukavu, mji uliopitia yaliyoupata mji wako majuma machache tu baada yenu. Huenda naye huingia kisiwani humo apumzike kwa dakika kumi, asahau, na humo ndimo alimokuta neno lile likimngojea, tena kutoka kwa mtu wa kikosi chake mwenyewe.

Kwa hiyo aombe radhi, na aombe vizuri. Alimtukana mbele ya wenzake, basi asijifiche kumwandikia peke yake. Amwite katika kikosi kile kile, wale wenzake wakiwa wanasikia, aseme kwa sauti yake mwenyewe alichosema na kwamba kilikuwa kibaya. Wewe ukae karibu naye, si kwa kumsimamia kama polisi, bali kwa sababu hilo ni jambo gumu kwa kijana na hafai kulifanya peke yake. Asijitetee kwa kusema kwamba alikuwa ameshindwa au kwamba wengine nao hutukana. Msichana akikataa kuingia, amwandikie ujumbe mfupi mara moja tu kisha amwache, kwa maana hana deni la kumsamehe. Wale wenzake wakimcheka, atakuwa amewajua, na mchezo wenyewe una namna ya kumzima sauti mtu au kumtoa katika orodha ya marafiki. Mwonyeshe kwamba unajua namna hiyo ipo. Baada ya hapo, kwa muda fulani, acheze sebuleni bila vifaa vya masikioni, uyasikie maneno ya kikosi hata ukiwa jikoni. Usimvizie, mwambie waziwazi kwamba utakuwa unasikiliza na sababu ni ipi.

Mjomba usimwendee na kijana bado. Nenda wewe kwanza, kabla ya Jumapili, umshukuru kwa kumjali mtoto wa dada yake, maana wajomba wengi siku hizi hawaulizi. Mweleze juu ya tusi, kwani nina wasiwasi kwamba umemweleza bunduki tu. Mwambie kwamba simu ikichomwa kijana atahamia kwa jirani, au katika kumbi za kuchezea za mtaa wa Birere, ambako hakuna wa kumsikia, na ataondoka akiamini kwamba kosa lilikuwa la kifaa. Kisha umwombe mjomba kitu kikubwa kuliko moto: amketishe mdogo wako amsimulie aliyoyaona Masisi, jinsi majina ya kejeli yalivyoanza na yalikoishia. Neno hilo likitoka kwa mzee aliyeyaishi, kijana atalisikia kuliko likitoka kwako au kwangu. Na endapo mjomba atasisitiza moto, mwambie kwa heshima kwamba mama alikuachia wewe ulezi wake na kwamba umeamua.

Yanabaki usiku na pesa. Shirika la Afya Duniani limeyaweka matatizo ya kushindwa kujizuia na michezo ya video katika orodha yake mpya ya magonjwa, inayotumika tangu Januari 2022, lakini halisemi kwamba kila anayecheza sana ni mgonjwa. Linazungumzia mtu aliyeshindwa kujitawala, anayeutanguliza mchezo mbele ya kila kitu na kuendelea hata unapomharibia maisha, kwa kawaida kwa muda wa miezi kumi na miwili. Kwa mdogo wako anza na yaliyo rahisi: simu ilale chumbani kwako kuanzia saa tatu usiku, na mega ziwe na kiasi chake cha juma mlichokubaliana, zikiisha zimeisha, na pesa ya mboga isiguswe.

Baada ya majuma machache ya utaratibu huo, mtazame anavyolala. Mimi nina mashaka kwamba kukesha kwake hakutokani na mchezo peke yake, kwa vile umeandika kwamba kulianza baada ya mapigano. Kuna watoto wengi mjini Goma wanaoshika simu usiku kwa sababu wakifumba macho mambo yale hurudi. Ukimwona anashtuka kwa kila kishindo, anaota na kupiga kelele, hataki kutoka, au hazungumzi na mtu yeyote nje ya kikosi, usingoje. Hapo Goma kuna kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu, cha Mabruda wa Upendo, watawa wa Kikatoliki, wanaohudumia watu waliojeruhiwa na vita bila kuwaita wendawazimu. Nenda naye wewe mwenyewe, na umwombe mjomba awasindikize.